Nilimwambia "Simama", Akaanguka



Leo ninawaandikia neno la toba, na ndani yake mna fundisho la afya. Ninyi vijana mnaoshuka mashimoni huku Kilembwe, Misisi na Lulimba, na ninyi wazazi mnaowangoja nyumbani, someni mpaka mwisho.

Kijana mmoja wa kwaya yetu, mchimba dhahabu, aliharisha siku kadhaa. Akapona, akarudi kazini. Baada ya wiki mbili hivi nyayo zikaanza kumchoma kama sindano. Kesho yake magoti yakalegea. Siku ya nne hakuweza kuinua kijiko. Watu wakasema, eti wenzake wamemroga juu ya dhahabu. Na mimi mchungaji nilifanya nini? Tuliomba usiku kucha, kisha nikamshika mkono mbele ya watu nikasema, "Simama!" Akaanguka kifudifudi. Mama yake akalia. Mimi nikasema imani ya kijana ni ndogo. Neno hilo linaniuma hata leo.

Tukambeba kwa kipoyi mpaka hospitali. Daktari akamgonga chini ya magoti kwa nyundo ndogo. Miguu haikuruka hata kidogo. Akaniambia jina la ugonjwa: Guillain-Barré. Ni majina ya madaktari wawili Wafaransa ambao, pamoja na mwenzao Strohl, waliueleza mwaka 1916 kwa kuwachunguza askari wawili.

Sikilizeni unavyotenda. Mungu ameweka mwilini mwetu walinzi wa kupigana na vijidudu. Mara chache, baada ya kuharisha au kikohozi, walinzi hao hukosea adui, wakashambulia mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Umeona waya wa jenereta uliotafunwa na panya? Jenereta inanguruma, taa haiwaki. Ndivyo ilivyo: ubongo unaamuru, mguu hausikii. Kumbe si uchawi, wala si imani ndogo.

Hatari yake ni kifua. Ulegevu hupanda kwa siku chache au hata wiki 4, na karibu mgonjwa 1 kati ya 4 huhitaji mashine ya kupumulia. Basi mtu akilegea ghafla, msingoje maombi ya siku 3. Ombeni njiani mkienda hospitali. Akiwa ni mtoto wa chini ya miaka 15, muuguzi ataomba kinyesi chake kipimwe, maana polio nayo hulegeza hivyo. Msikatae.

Iko dawa inayotokana na damu ya wachangiaji. Ni ghali, na si kila hospitali inayo. Lakini mara nyingi mishipa hupona polepole, mgonjwa akitunzwa. Hapo ndipo kazi ya kanisa. Kifua cha kijana wetu hakikulegea. Aliporudi nyumbani tukagawana zamu: kumgeuza kila saa 2 asipate vidonda, kukunja na kunyoosha viungo vyake taratibu, kuegemeza nyayo kwenye ubao zisilale. Nguvu zilipoanza kurudi, alikaa, kisha akasimama akishika fito mbili ambazo baba yake alizifunga uani. Leo hatua 3, kesho 5. Akichoka, tunamwacha apumzike, kwani kumlazimisha kunaweza kumrudisha nyuma.

Mwezi wa saba akaingia kanisani kwa fimbo. Wengi hutembea tena ndani ya miezi 6. Wengine huchukua mwaka na zaidi, na wengine hubaki na ulegevu. Yeye vidole vya miguu vingali na ganzi. Hashuki tena shimoni, anauza chumvi na sabuni.

Katika shule ya Biblia nilijifunza Marko 2, habari ya wale wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Miaka yote nilihubiri juu ya kusimama kwake tu. Lakini imani ambayo Yesu aliiona siku ile ni ya wabebaji, nami nilikuwa ninamdai mgonjwa.

Ndugu msomaji, chemsha maji ya kunywa, pika kuku aive kabisa. Na jirani yako aliyelala kitandani, nenda leo ukamgeuze. Mungu awabariki.