Njoro, kwa wazee wa gari la moshi

Ukikutana na mzee wa zamani wa Njoro, pale Moshi mjini, usianze na habari za mlima. Muulize habari za gari la moshi. Atakuvutia kiti, na chai itapoa mezani.

Reli hii Wajerumani waliianzia Tanga mwaka 1893, ikaenda kwa mwendo wa kinyonga. Korogwe ilifika 1902, Moshi 1911. Arusha walisubiri hadi 1929, wakati wa Waingereza. (Watani zangu wa Arusha mnisamehe, hesabu ndiyo hiyo.)

Mwenyeji wangu alikuwa mchochea moto kwenye injini za mvuke, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibu ukae." Basi akaanza. Injini ya mvuke haiamshwi kwa haraka, unaanza kuipasha moto saa kadhaa kabla ya safari. Ukizembea maji, inaweza kukulipukia. Ukikosea moto, unatoka moshi mweusi na dereva anakufokea mbele za watu. "Hii dizeli si unawasha tu," anasema kwa dharau ya wazi kabisa.

Mkewe akadakia: "Mwanangu, ile injini ndiyo ilikuwa bi mkubwa. Mimi nilifua masizi." Lakini naye ana yake. Kila dereva alikuwa na namna yake ya kupiga honi. Akisikia ya dereva wa mumewe, anabandika machalari. Siku hizi tunatumiana meseji "uko wapi?" mara kumi na bado tunagombana!

Nikawaonyesha picha nilizopiga Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. Zipo pale Garratt mbili za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950. Ni mashine za tani 250 hivi kila moja. Zilikuwa 34, zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zimebaki hizo mbili tu: Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili ni ya kwetu! Shengena ni ule wa Upare, na reli ya Tanga inapita chini yake.

"Na Kilimanjaro?" mzee akauliza.

Ilikuwepo, namba 5928. Haikuhifadhiwa. Mzee akanirudishia simu bila neno.

Nawashukuru Wakenya kwa kututunzia, ila wivu ninao. Jumuiya ilipovunjika 1977 tuligawana mali, lakini kumbukumbu nani aliziandika? Mambo ya moto na maji aliyonieleza mzee yako kichwani mwake tu, naye ameshapita miaka themanini.

Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar ilirudi Moshi, baada ya zaidi ya miaka 20. Bibi alikwenda stesheni kuipokea. Mzee alibaki nyumbani. "Haina moto," alisema.

Ila Shengena anataka kuiona. Kaniuliza kama wanaruhusu watu kupanda hadi pale anaposimama mchochea moto. Bibi ameshaanza kuulizia nauli ya basi la Nairobi.