Tabasamu la Afisa Uhusiano

Meno yangu ni ya kahawia. Naanza na hilo tusije tukafichana, ndugu msomaji, kwa sababu kazi niliyosomea ni kazi ya kutabasamu, na kisa changu chote kinaanzia mdomoni.

Nimezaliwa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, kando ya barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi. Jina la kwetu linajieleza lenyewe: maji ya mto yana rangi ya chai ya mkandaa. Ila si rangi hiyo inayotia meno doa. Kinachotia doa hakionekani. Ni floraidi, ambayo maji huichukua kwenye mawe na majivu ya volkano. Meru ni volkano, ingawa ilitikisika mara ya mwisho mwaka 1910 na sasa imekaa kimya kama mzee aliyeshiba. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi, yaani tangu uchanga mpaka miaka 8 hivi, meno yanatoka na mabaka, na mabaka hayo hayasuguliki. Mimi nimejaribu mkaa, nimejaribu chumvi, nimejaribu hata mchanga laini. Nilichopata ni damu.

Nyumbani hakuna aliyenicheka, maana tulikuwa hivyo wote. Nilipokwenda chuo Mwanza ndipo nikajua kwamba nina kilema. Wiki ya kwanza msichana wa chumba chetu aliniuliza kwa upole kabisa kama navuta sigara. Mwenzake akamjibu kabla yangu, "Huyu si wa Arusha? Ndivyo walivyo." Toka siku hiyo nikajifunza kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Wahadhiri wakadhani ni adabu.

Nikasoma uhusiano wa umma miaka mitatu. Tulifundishwa kwamba uhusiano wa umma si kupaka chokaa ukuta wenye ufa. Ni kuifanya taasisi na watu wake wasikilizane, na maneno yaende pande zote mbili. Hayo niliyaandika kwenye mtihani nikapata A. Nakwambia ukweli, niliyaamini.

Nilirudi Arusha mwaka 2013 na bahasha ya kaki kwapani. Nilizunguka mpaka soli ya kiatu ikafungua mdomo. Barabara ya Sokoine yote, Mnara wa Saa, hadi lile jengo la AICC lenye mabawa matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Wakati ule Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilikuwa bado humo, na magari meupe ya Umoja wa Mataifa yakipita huku sisi wenye bahasha tumesimama getini tukihesabu nauli ya kurudia. Kila ofisi walisema "tutakupigia." Basi ukikaa nyumbani simu ikilia unaruka kama umekanyaga siafu, kumbe ni mtu amekosea namba.

Aprili 2014 wakapiga kweli. Lilikuwa shirika moja, jina nitaliacha, lililochimba visima vijijini kwa fedha za wafadhili. Cheo: Afisa Uhusiano Msaidizi. Mshahara: laki nne na nusu. Kipindi cha majaribio: miezi sita. Nilipofika nyumbani na habari hiyo mama alikuwa anachambua maharage.

"Uhusiano na nani?" akauliza.

"Na umma, mama."

"Umma ndiyo nani?"

"Watu. Watu wote."

"Hao wote ndio watakulipa?"

Nilicheka, nikaziba mdomo. Kumbe lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani.

Miezi ya mwanzo nilitoa nakala, nikakata habari magazetini na kuzibandika kwenye faili, nikatunza orodha ya waandishi wa habari na simu zao. Nikajifunza kuandaa bahasha ndogo, zile zinazoitwa "nauli". Mwandishi akija kwenye shughuli yako, akiondoka unampa mkono na ndani ya mkono mna bahasha. Chuoni jambo hili tulilijadili kwa lugha nzito ya maadili. Ofisini lilikuwa safu mojawapo kwenye bajeti, kati ya turubai na soda. Wa kwanza niliyempa mkono wangu ulitetemeka. Wa kumi haukutetemeka tena.

Septemba tukawa na uzinduzi wa kisima katika kijiji kimoja upande wa mashariki ya mlima, si mbali sana na kwetu. Dada yangu ameolewa hapohapo. Wafadhili walikuwa wanakuja kutoka Ulaya na bosi alitaka kipeperushi chenye picha ya mtoto anakunywa maji huku anatabasamu. Nikaenda na mpiga picha. Watoto wakaja mbio, wakapanga mstari, wakacheka na meno yao yote. Mpiga picha akashusha kamera.

"Dada, hizi hazifai," akasema.

Bosi naye alipoziona hakugomba. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka lieleweke. Alisema tu, "Mfadhili ataona meno, hataona maji. Tafuta watoto wengine." Halafu akanitazama, akakumbuka naye anaongea na nani, akashika karatasi nyingine.

Nikatafuta. Jumamosi nikachukua watoto watatu wa mjini, wa Njiro, waliokulia maji ya chupa, nikawapandisha gari la ofisi hadi kisimani. Nikawavua viatu ili wafanane na kijiji. Watoto wa pale wakasimama pembeni wanaangalia wageni wanavyopigwa picha na bomba lao. Mmoja akaniuliza, "Anti, na sisi?" Nikamwambia, "Baadaye." Haikuwako baadaye. Kipeperushi kilitoka kizuri sana.

Siku ya uzinduzi niliambiwa niratibu mambo nyuma ya turubai, na mbele awepo binti wa mapokezi, mwenye meno kama punje za mahindi machanga. Nilikubali. Mgeni rasmi akakata utepe, ngoma ikapigwa, risala ikasomwa, kila msemaji akasema itifaki imezingatiwa kisha akaizingatia upya kwa dakika kumi. Mimi nilikuwa nyuma nahesabu soda, ndipo akanijia kijana wa redio moja ya mjini na kinasa sauti chake.

"Dada, wewe ndiye wa uhusiano? Swali moja tu. Floraidi ni ngapi?"

Alipolitamka neno hilo niliyaona meno yake. Yalikuwa kama yangu.

Jibu nilikuwa nalo kwenye faili. Majibu ya maabara yalisema miligramu 3.4 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Lakini Tanzania wakati ule iliruhusu hadi 4, kwa sababu ukiishika ile 1.5 maeneo mengi ya huku kwetu yangebaki bila chanzo halali. Basi sentensi ilikuwa imeshaandaliwa ofisini, nimeiandika mwenyewe, na nikaitoa bila kigugumizi:

"Maji haya yamepimwa na yamo ndani ya viwango vya taifa. Wananchi wayatumie bila wasiwasi."

Kijana alinitazama kidogo, akazima chombo chake. Nikampa mkono, na ndani ya mkono bahasha. Akaichukua.

Wallahi, sikusema uongo. Kila neno lilikuwa kweli. Jioni ile bosi alinisifu na nikalala vizuri.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Hiace, kifodi kama anavyoendelea kuiita mama, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa na furaha. Amenisikia redioni! Majirani nao wamenisikia! Akanimiminia chai, akasema, "Na dada yako amepiga simu. Anakushukuru. Amemwaga yale maji ya mvua ya kwenye pipa, mbu walikuwa wamezidi. Sasa anampikia mtoto uji kwa maji ya kisima, maana wewe umesema hayana neno."

Mtoto wa dada alikuwa na mwaka mmoja na nusu.

Chai ilinikwama. Nikatoka nje, nikampigia.

"Dada, usimpe mtoto maji ya kisima."

"Si umesema wewe?"

"Nilisema kwa ajili ya kazi."

Akanyamaza. Halafu akauliza, wala hakuwa na hasira, "Na sasa hivi unasema kwa ajili ya nani?"

Nilikosa la kumjibu. Nilisimama pale kwenye migomba nikiwa na shahada, na cheo, na sauti iliyotoka redioni, na sikuwa na sentensi hata moja.

Jumatatu nikaingia kwa bosi. Nikamwambia tutoe taarifa nyingine, yenye namba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo mpaka leo siwezi kulitupa: "Mto waliokuwa wanakunywa una floraidi mara nyingi kuliko kisima hiki. Ukiwatisha, watarudi mtoni. Hilo ndilo unalotaka?"

Hakika alikuwa na hoja. Ndiyo maana nasema hakuwa mtu mbaya. Nikamjibu kwamba watu si lazima ama watishwe ama wadanganywe, kuna na kuambiwa. Akaniambia niandike. Nikaandika ukurasa mmoja. Akausoma, akaurudisha. "Kwa nembo yetu, hapana. Wewe ukienda kuongea kama mtoto wa kule, mimi sijakuona."

Mwenyekiti wa kijiji akanipa dakika tano kwenye mkutano wa Oktoba, kati ya suala la mbuzi waliovamia shamba na michango ya madarasa. Nikasoma. Kwamba maji ya kisima ni bora kuliko ya mto, wasiyaache, wafulie, waogee, watu wazima wanywe. Kwamba watoto wadogo, mpaka miaka 8, wakingiwe maji ya mvua ya kunywa na ya kupikia uji. Kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi hata chembe. Kwamba magadi tunayotia kwenye makande ili maharage yaive haraka nayo yana floraidi, basi chakula cha mtoto kisiwekwe. Kwamba pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kinachofanya utafiti wa kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mtu akienda ataelezwa.

Kisha nikafanya jambo ambalo halikuwemo kwenye karatasi. Nilitoa mkono mdomoni, nikawaonyesha meno. Nikasema, "Haya ni ya maji. Hamyajui?" Watu wakacheka, nami nikacheka, na kwa muda tulikuwa tunaangaliana, mkutano mzima una meno ya namna moja.

Mzee mmoja akasimama. Nikamwamkia, akaitika marahaba. "Kwa hiyo, binti, tumepewa kisima kibovu?"

"Hapana, mzee. Ni kizuri kuliko mto. Ila si kizuri kama mlivyoambiwa."

"Tuliambiwa na nani?"

Nikatazama chini. "Na mimi, mzee. Redioni."

Akatikisa kichwa taratibu, akaketi. Hakunitukana wala hakunipongeza. Mama mmoja akauliza pipa la lita mia mbili linauzwaje mjini, na mazungumzo yakahamia huko, kwenye bei ya mapipa na mabati, mpaka dakika zangu tano zikawa saa nzima. Nilikuwa nimesimama pembeni najibu ninalolijua. Ndipo nikakumbuka lile jibu langu la mtihani, kwamba maneno yaende pande zote mbili. Nilikuwa sijawahi kuyaona yakienda.

Miezi sita ya majaribio ilipoisha nikapewa barua kwamba nafasi yangu imefutwa kutokana na ufinyu wa bajeti. Inawezekana ni kweli. Nikarudi kwenye bahasha ya kaki miezi minane, na ilikuwa miezi migumu, sitaipamba. Baadaye nikapata kwingine, na mpaka leo ninafanya kazi hiyohiyo. Bado ninaandika taarifa kwa vyombo vya habari. Kila nikikuta maneno "ndani ya viwango" kalamu inasita, nauliza: namba ni ngapi? Miaka iliyofuata kiwango cha Tanzania nacho kikashushwa hadi 1.5. Maji ya kisima kile hayakubadilika hata tone, lakini sentensi yangu, ambayo kila neno lake lilikuwa kweli, leo ingekuwa uongo.

Mtoto wa dada sasa ni msichana mkubwa. Meno yake ya mbele ni meupe, isipokuwa moja lina doa dogo pembeni kama tone la chai. Dada husema kwa utani kwamba doa hilo ni la wiki ile, ya redio. Nimemweleza mara nyingi kwamba wiki moja haiwezi kufanya hivyo, kitaalamu haiwezekani.

"Sawa, afisa," hunijibu. "Tumekusikia."

Mtoto anacheka mdomo wazi. Nami nacheka hivyohivyo siku hizi.