Mimi, Mume Wangu na Mkweche wa Morogoro

Hivi, mpenzi msomaji, umewahi kutaka kitu mpaka ukaogopa kukipigia hesabu? Mimi yamenikuta. Na wala si mkoba wala viatu. Ni Land Rover 109 ya mwaka 1976, rangi ya kijani iliyopauka, iliyoegeshwa chini ya mwembe mjini Morogoro na haijatembea kwa miaka mitatu. Bei: milioni 9.

Ngoja nieleze kabla hujanicheka. Marehemu baba yangu alikuwa bwana shamba wilayani Kilosa. Gari la ofisi lilikuwa Land Rover kama hiyo hiyo. Likizo za shule nilikuwa nampigia kelele mpaka ananichukua kwenda naye vijijini. Tukifika penye tope anasimama, ananiangalia, anasema, "Haya mama, fanya kazi yako." Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kile kirungu cha njano kilicho pembeni ya gia, tairi zote nne zianze kuvuta. Tope likizidi, yeye mwenyewe anavuta ile gia nyekundu ya nguvu, tunapanda taratibu kama kobe. Nilikuwa najiona mimi ndiye ninayelivusha lile gari.

Baba alipostaafu alikabidhi funguo, akarudi nyumbani kwa basi. Hakuwahi kumiliki gari lake mwenyewe. Sasa unaelewa kwa nini nilipoonyeshwa picha ya lile gari kwenye simu ya mfanyakazi mwenzangu, usingizi ulinikimbia.

Tatizo ni mume wangu. Yeye anafanya kazi ya mikopo benki, yaani analipwa mshahara kwa kusema "hapana". Na akaunti yetu ya pamoja ilikuwa na milioni 14 tu, zote za kupaua nyumba. Kuta zimesimama, mbao na mabati bado.

"Mke wangu, tuna gari dogo linatufikisha kila mahali," aliniambia. "Hilo halina kiyoyozi, linakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na spea utazitafuta mpaka uzeeke. Unataka kubebea nini, mkaa?"

Nikajibu vibaya. Akajibu vibaya zaidi. Siku mbili tukawa tunaongea kupitia watoto: "Mwambie baba yako chakula tayari." Mnaijua hiyo, msijifanye.

Siku ya tatu alilegea. Twende tukaliangalie, lakini kwa sharti moja: fundi awe wetu, si wa muuzaji. Jumamosi alfajiri tukashika njia.

Aliyekuwa anauza ni mama mjane, mpole, akatukaribisha chai kabla hatujagusa gari. Fundi wetu, mzee mmoja aliyekulia kwenye magari hayo, hakutaka hata kuangalia rangi. Alitandika boksi chini, akaingia uvunguni na nyundo na bisibisi.

"Dada, njoo uone," akaniita. Nikafunga kanga kiunoni nikaingia na mimi.

Akanipa somo ambalo sikulipata chuo kikuu. Land Rover ilipoanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu. Bodi hiyo hailiwi na kutu kirahisi, kwa hiyo ukiliangalia gari ukiwa umesimama unaliona zima. Lakini chasisi ni ya chuma, tena ina uwazi ndani. Maji na tope vikiingia humo, inaoza kuanzia ndani huku nje inapakwa rangi.

"Watu wananunua bodi," alisema. "Wewe nunua chasisi."

Akaanza kugonga. Mbele ikalia ngo, ngo, ngo, sauti ya chuma kizima. Alipofika nyuma, pale springi zinaposhikilia, ikalia pu. Akachomeka bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Vumbi la kutu likanimwagikia usoni.

"Ukipakia watu hapa ukaenda nao Kilosa," akasema polepole, "patakatika njiani."

Wakati nalala pale uvunguni nikitafakari, huku juu mume wangu alikuwa amepata betri ya kuazima. Mara gari likawaka! Lilitoa moshi mweusi, kuku wakatimka, majirani wakatoka nje. Nilipochomoza kichwa nilimkuta mwanaume yule yule wa mikopo ameshika usukani, anacheka kama mtoto wa darasa la pili.

"Mke wangu, hili tunalichukua!"

Nikaishiwa pozi. Niliyelipenda nilikuwa nimejaa kutu, na aliyelipinga ndiyo kwanza amelewa moshi.

Tukaomba kadi. Hapo napo kukawa na lake. Kadi ilikuwa bado na jina la marehemu mume wa yule mama, watoto walikuwa hawajakaa kikao, wala hakukuwa na msimamizi wa mirathi wa kusaini mauzo. Fundi akalinganisha namba: ya chasisi inafanana na kadi, ya injini haifanani. Iliwahi kubadilishwa na hakuna aliyekwenda TRA kuandikisha.

Tulimshukuru yule mama, tukaenda kukaa kwenye mgahawa. Mume wangu akatoa kalamu, fundi akataja, yeye akaandika. Kukata na kuchomelea chasisi milioni 3. Injini 2.5. Breki na klachi 1.2. Tairi tano milioni 2. Nyaya na taa laki 6. Viti na turubai laki 7. Rangi 1.5. Jumla milioni 11.5, ukijumlisha na bei ya gari ni 20.5, bila dharura. Na fundi akasema gari la zamani halikosi dharura. Sisi tulikuwa na 14. Za paa.

Fundi alipoondoka, mume wangu aliniuliza swali moja: "Kama mzee asingewahi kuendesha gari la namna hii, ungelitaka?"

Nikalia pale pale, mbele ya chapati. Kumbe kwa wiki nzima nilikuwa nabishana naye habari za mafuta na spea, na hata siku moja sikumwambia kwamba namkumbuka baba yangu. Na yeye akakiri kwamba alipoliwasha alijiona kijana tena, si mtu wa kukatwa mshahara na kuhesabu mabati. Sote wawili tulitaka kulipia kitu ambacho hakikuwa kwenye kadi.

Tukaamua, tena kwa pamoja: paa kwanza. Hatutoi hata shilingi ya kishika uchumba. Tulimpigia yule mama, tukamwambia ukweli wa chasisi, na kwamba mirathi ikikamilika nasi tukiwa na fedha, tutampa milioni 5. Hakukasirika. Alisema, "Wanangu, afadhali nyie mmeniambia."

Miezi minne baadaye akatupigia. Msimamizi amepatikana, lakini pia amepatikana mtu wa Arusha mwenye milioni 7. Arusha wanayapenda magari haya, na tamasha lao la Land Rover la mwaka 2024 lilitosha kunionyesha hivyo. Nikamwambia auze. Nilipokata simu nilikaa kimya kidogo, sitawadanganya.

Siku hizi nikisikia mvua inapiga bati juu ya kitanda chetu, najua tulichagua sawa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo na sisi tuna daftari. Ukurasa wa ada, ukurasa wa nyumba, na ukurasa mmoja mume wangu aliufungua mwenyewe bila kuniambia. Juu ameandika "Gari la Babu". Kila mwezi kinaingia kidogo. Mpaka sasa ni milioni 1.8, na likija kupatikana jingine, nitakuwa wa kwanza kuingia uvunguni.

Wiki iliyopita alipita Gerezani kutafuta spea ya gari letu dogo. Jioni akaniwekea mezani kitu kidogo kilichofungwa kwenye gazeti. Nikafungua. Kirungu cha njano, kimechubuka, kina alama za vidole vya watu wengi.

"Tumeanza matengenezo," akasema.