Faili la mama lilinitoa jasho

Msomaji wangu, kama unafanya kazi ofisini na unajiona mjanja wa kompyuta, hebu vuta kiti. Mimi mwenzio nilijiona hivyo hivyo mpaka siku niliyotoka jasho huku feni inazunguka.

Kibarua changu ni kwenye steshenari moja hapa Mchafukoge, si mbali na Mnazi Mmoja. Tunatoa fotokopi, tunachapa barua, basi. Siku hiyo akaja mama mmoja mtu mzima, anataka orodha ya mali za marehemu mumewe, tuliyomchapia mwaka juzi, irekebishwe. Kuna kiwanja kilisahaulika, na saa nane anatakiwa mahakamani. "Mwanangu, si mnayo humo ndani?" Tunayo mama, kaa.

Kumbe programu ilikuwa ya majaribio na siku zake zimekwisha! Faili linafunguka, maneno unayaona, lakini ukitaka kuongeza hata herufi moja, wapi. Yaani kazi tumechapa kwa vidole vyetu wenyewe, ufunguo kashika mtu mwingine, tena yuko ng'ambo.

Nikakumbuka nina LibreOffice kwenye flashi, ile ya bure (ya bure halali, siyo ya wizi). Ikafungua, ila jedwali likayumba, namba ya kiwanja imehamia kwenye safu ya ng'ombe. Nikapanga upya mstari kwa mstari, mama macho kwenye saa ya ukutani. Aliondoka saa saba na dakika arobaini, hata chenji hakungoja.

Kesho yake nikawa mhubiri. Washkaji, kazi zetu tuhifadhi kwa ODF, yale mafaili yanayoishia na .odt kwa barua na .ods kwa mahesabu. Kanuni zake ziko wazi, shirika la viwango la kimataifa, ISO, liliupitisha mtindo huo mwaka 2006, kwa hiyo fundi yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuusoma bila kumpigia mtu magoti.

Dada wa kaunta akacheka. "Wewe na fomu foo yako, ISO umeijulia wapi?"

Sikujibu. Nikachukua nakala ya barua ya .odt, nikabadilisha mkia wa jina uwe .zip, nikaifungua. Ndani kuna faili linaitwa content.xml, na humo maneno ya barua yanasomeka, yamezungukwa na alama zake. Akanyamaza.

Mwingine akadai hayo ni mambo ya Wazungu. Wapi bwana! Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, menyu zake Kiswahili kitupu. LibreOffice yenyewe ilichipuka kutoka kwenye OpenOffice mwaka 2010.

Sijidai malaika. Wiki ya kwanza nilimtumia mteja .odt, simu yake ikagoma kuifungua, nikapewa za uso. Sasa nakala yetu ni .odt, ya kuchapishwa tu ni PDF, anayeng'ang'ania Word tunamtolea yake baada ya kukagua majedwali.

Bosi hajakubali wala kukataa, ila amefurahi kusikia hakuna leseni ya kulipia. Aliyenishangaza ni dada wa kaunta. Ijumaa nimemkuta anahifadhi CV ya mdogo wake kwa .odt. Kuniona tu, akafunika skrini kwa mkono.

"Niondolee macho yako hapa, kuna mteja wa fotokopi."