Walioshushwa Makambako

Mwaka 1983 nilikuwa kondakta wa basi la abiria lililotoka Mbeya asubuhi likaingia Iringa usiku, likalala Ipogolo na kurudi kesho yake. Barabara ni hii hii ya Zambia, iliyotiwa lami baada ya Wazungu wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965 na Zambia kuhitaji njia nyingine ya mizigo, ila wakati ule ilikuwa imeshachoka. Mashimo yalianzia Igurusi, dizeli tuliipata kwa foleni, na abiria walikuwa wengi kuliko viti. Wajukuu zangu wanazijua habari za safari zile. Wanajua tulivyokwama Chimala wakati wa masika na tulivyosukuma gari pale Nyigo. Kuna sehemu ambayo huwa naipita haraka nikisimulia, nayo ni vizuizi vya barabarani. Nimeona niiandike kabla sisi tulioishuhudia hatujaisha wote.

Vizuizi vilikuwepo tangu zamani, lakini mwaka ule viliongezeka. Mwezi Machi Serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mstari wa mbele. Nani angepinga? Tulikuwa tumetoka vitani Uganda, mpaka wa Kenya umefungwa tangu 1977, sukari ni ya kupimiwa, khanga zinatokea mlango wa nyuma wa duka. Kina mama walifua kwa majani ya mpapai. Tuliposikia walanguzi wanakamatwa tulishangilia, na mimi nilishangilia. Kwa muda mfupi zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamekamatwa nchi nzima. Sheria ya kuwashughulikia ilipitishwa na Bunge wakati wengi wao wameshakuwa ndani, na baraza lililoundwa kuwahukumu halikuruhusu wakili.

Sokoine namheshimu hadi leo. Alipofariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro tarehe 12 Aprili 1984, watu walilia ndani ya basi letu kama wamefiwa na ndugu. Sikupata kumsikia akisema wasakwe watu wa rangi fulani, na sheria haikutaja rangi. Rangi ilichaguliwa na tochi.

Ilikuwa hivi. Basi linasimamishwa, askari anapanda na tochi, mgambo wawili nyuma yake. Tochi inapita nyuso za abiria kiti kwa kiti bila kutulia. Ikifika kwa Mhindi, inatulia. Kwa Mwarabu, inatulia. Kwa Msomali, kwa Mbaluchi wa Rujewa, kwa chotara yeyote mwenye nywele za singa. "Wewe, shuka. Na mzigo wako." Hakuna aliyeulizwa kwanza amebeba nini. Kondakta kazi yake ni mlangoni, kwa hiyo kila aliyeshushwa alipita mbele yangu, na kila aliyerudi alipita mbele yangu tena akiwa ameinamisha kichwa, maana basi zima lilikuwa linamtazama.

Watu hawa hawakuwa wageni kwetu. Pale Mbeya mtaa wao ulikuwa Uhindini, jina la wakati wa ukoloni, Mwingereza alipopanga miji kwa rangi, Mzungu huku, Mhindi kule, Mwafrika chini. Iringa walikuwa katikati ya mji, kwenye maduka ya kuzunguka soko. Wengi walikuwa wameshaondoka kwenda Uingereza na Kanada baada ya majengo ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971; waliobaki ni wale waliochagua kubaki. Kuna Wasomali walioshika usukani wa malori enzi za mzigo wa Zambia, wakatua Iringa, wakafuga, wakaoa. Na bonde la Usangu lina Wabaluchi, ambao wazee wao ni miongoni mwa walioanzisha kilimo cha mpunga cha mifereji huko. Anayesifu mchele wa Mbeya mezani kwake awakumbuke na hao.

Suala la nani ni mwenzetu lilikuwa limeshaamuliwa. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili sheria ya uraia, na baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere alikataa kwa ukali, akasema yuko tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kupima uraia kwa rangi. Sheria ikapita alivyotaka. Wasio na mzazi aliyezaliwa Tanganyika walipewa miaka miwili wajiandikishe, na wengi walijiandikisha. Miaka 22 baadaye, kwenye kizuizi, hayo yote yalikuwa hayana thamani ya betri mbili za tochi.

Usiku mmoja wa Juni naukumbuka kuliko mwingine wowote. Tulikuwa Makambako, na baridi ya huko mnaijua, inaingia kwenye vidole hadi tiketi haichaniki vizuri. Kiti cha nyuma ya dereva alikaa mzee wa Kibaluchi tuliyempakia njia panda ya Rujewa. Alivaa kofia ya uzi, amejitanda shuka la kijivu, na miguuni alikuwa na mfuko wa mchele, kama kilo kumi hivi, anawapelekea wajukuu waliokuwa wakisoma Iringa. Tochi ilimfikia ikatulia.

"Unatoka wapi?"

"Rujewa."

"Nakuuliza kwenu wapi."

"Rujewa, mwanangu. Hata baba yangu amezikwa hapo."

Akashushwa. Mgambo alitandika gunia pembeni mwa barabara, akaumwaga mchele wote, akaupekua kwa vidole. Alikuwa akitafuta nini mimi sijui, labda dhahabu, labda fedha za kigeni. Mzee akaingiza mkono kifuani akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Ndani mlikuwa na kadi ya TANU iliyofifia, kadi ya CCM, stakabadhi za mpunga aliouza Shirika la Taifa la Usagishaji na barua ya kijiji yenye muhuri. Nchi haikuwa na kitambulisho cha taifa. Vya kwanza vilikuja kutolewa 2013. Mzee yule alikuwa amejitengenezea chake mwenyewe, karatasi moja baada ya nyingine, kwa sababu alijua ataulizwa. Mimi Mhehe wa Ifunda sijawahi kutembea na karatasi ya kuthibitisha kwetu ni wapi, na abiria wengine wote wa basi lile hawakuwa nayo pia. Askari aliziangalia, akazigeuza, akasema makaratasi kama hayo yananunuliwa.

Dereva wetu, Mnyakyusa wa Tukuyu, alishuka. "Afande, mzee huyu namfahamu, nampakia kila msimu."

"Wewe kazi yako usukani."

Ndipo bibi mmoja wa Kisangu akatoa kichwa dirishani. "Huyo ni mkwe wetu!" alipaza sauti. "Kamuoa binti wa kwetu! Msemesheni Kisangu muone!" Akamwamkia yeye mwenyewe, "Kamwene!", na mzee akaitikia na kuendelea kwa Kisangu maneno mengi, taratibu, mikono yake ikionyesha ule mchele chini. Ndani ya basi wenye kuielewa lugha walimjibu kwa pamoja. Askari, kwa matamshi yake, alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, hakuambulia hata neno. Kati ya wale wawili waliosimama chini ya taa za basi, mwenyeji wa nyanda hizi alikuwa yule anayeulizwa kwao ni wapi.

Haikusaidia. Tuliambiwa tuondoke, tukamwacha.

Tulipofika Ipogolo nikapanda kwenye keria kushusha mizigo. Magunia mawili ya viazi yaliyopakiwa Uyole yalikuwa na uzito usio wa viazi, na moja lilipogonga chini mshono ukafumuka, ikatoka miche ya sabuni. Mwenye mzigo alikuwa abiria wa kiti cha nne, kijana mwenye suti ya Kaunda, mweusi kama mimi, na pale kizuizini tochi ilikuwa imempita usoni bila kutulia. Alikusanya sabuni zake haraka, akaita mkokoteni, akaondoka. Kizuizi kilichowekwa ili kukamata sabuni kiliipitisha sabuni, kikakamata mchele wa wajukuu.

Kesho yake tulimkuta mzee kwenye mgahawa wa chai karibu na stesheni ya TAZARA. Mchele aliubeba ndani ya shuka, nusu yake mchanga. Alikuwa ameachiwa alfajiri. Hakushitakiwa, hakuandikwa kwenye kitabu chochote, hakupewa hata kipande cha karatasi. Kosa lake halikuwa na jina, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda kulalamika. Iringa hakwenda tena. Alipanda na sisi kurudi Rujewa, na njiani kote hadi Igawa bibi mmoja, si yule wa jana, alimsaidia kuchambua mchele kwenye ungo. Tangu hapo sikumwona kwenye basi. Mwanawe mmoja baada ya miaka michache alihamia Muscat, na nilipoonana naye Rujewa alipokuja likizo aliniambia kwa kifupi kwamba kule angalau anajua yeye ni mgeni.

Sitaki kudanganya. Walanguzi wa Kihindi walikuwepo, na wengine tuliwajua kwa majina. Waafrika wakubwa nao walikamatwa mwaka ule, wakiwemo watu wa mashirika ya umma. Ninachosema ni kwamba Mwafrika ilibidi ashukiwe kwa jambo fulani, amechongewa au bidhaa zimeonekana kwake. Hawa wengine walishukiwa kwa kukaa tu kwenye kiti.

Halafu upepo ukageuka. Mpaka wa Kenya ulifunguliwa Novemba 1983. Bajeti ya Juni 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, bila kubanwa sana alizipataje, na sabuni ikarudi madukani. Mwaka huo huo Bunge liliingiza haki za binadamu ndani ya Katiba. Ibara ya 13 inakataza mtu yeyote kubaguliwa, na inataja rangi, kabila na mahali mtu alikotokea. Niliposomewa ibara hiyo nilimfikiria mzee wa Rujewa na mfuko wake wa nailoni.

Siku hizi nasafiri kama abiria. Tochi ipo bado, ila inatafuta Wahabeshi na Wasomali wanaopitishwa kwenda Afrika Kusini kupitia Tunduma na Kasumulu. Biashara hiyo ni ya kikatili, siitetei. Mwisho wa Juni 2012 miili zaidi ya 40 ya vijana wa Ethiopia ilikutwa imetupwa porini Chitego, wilayani Kongwa. Walikuwa wamekosa hewa ndani ya lori lililofungwa. Waliokufa walifungiwa ndani ya lori, wala hawakuwa wamekaa kiti cha dirishani na tiketi mkononi. Lakini wanaoshushwa kwenye mabasi ni wenye tiketi.

Safari yangu ya karibuni kwenda Mbeya alishushwa kijana Mwiraqw wa Mbulu, fundi umeme. Ana pua nyembamba na rangi ya maji ya kunde, basi. Kitambulisho cha taifa alikuwa nacho, akaambiwa hata hicho kinaghushiwa, akaulizwa maswali ya historia huku gari zima likisubiri na wengine wakilalamika anawachelewesha. Aliporudi kwenye kiti chake mikono ilikuwa ikimtetemeka.

Nilishuka nikamfuata mwenye sare, kijana mwenye heshima zake, nikamuuliza anajuaje wa kumshusha.

"Shikamoo, mzee. Ukikaa kwenye kazi hii muda, sura unazijua."

Nikaitikia, kisha nikamsimulia habari za magunia mawili ya viazi. Alinisikiliza hadi mwisho. Nikamwomba jambo moja. Kila anayeshushwa liandikwe jina lake, saa, sababu ya kumshusha na kilichopatikana, apewe nakala, na mkuu wa kituo azisome zote kila mwisho wa mwezi. Akasema fomu ya namna hiyo hawana.

Ni kweli hawana. Basi itengenezwe.