Shaba ni shaba tu?

Mwezi huu ninataka kuwaelezea kosa moja lenye nilifanya katika nyumba yangu, na namna nilikuja kuelewa kwamba lilikuwa kosa. Muvumilie kidogo, kwa sababu habari hii inapita mbali, mupaka Marekani, kisha inarudi hapa kwetu.

Baba yetu alipokufa, mudogo wangu wa mwisho alikuja kukaa kwangu, mu Likasi. Ilikuwa mwaka 2009. Mutoto yule alikuwa na kinywa cha kuuliza. Siku moja nilikuwa ninatengeneza waya wa umeme, yeye ananishikia toroshi. Nilikata kipande cha shaba, kikaanguka chini. Akakiokota, akakigeuza-geuza mu vidole, akasema: “Yaya, nikikata hii shaba, nikate tena, nikate tena, itafika fasi gani yenye itaacha kuwa shaba?”

Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na mahubiri ya kutayarisha. Nikamujibu: “Shaba ni shaba tu. Enda uteke maji.”

Akaenda kuteka maji. Hakurudilia swali lile, na nikikumbuka vizuri, toka siku ile hakuniuliza tena mambo mengi. Miaka miwili kisha aliacha masomo ya sekondere, akafuata wenzake ku kariere. Sisemi kwamba jibu langu njo lilimutoa mu masomo. Minervali ilikuwa nguvu kulipa, na franka ya kariere ilikuwa inaonekana kwa macho. Ninasema tu hivi: mutoto aliniletea kitu cha bei, nami nikakitupa pamoja na vipande vya waya.

Nilijua hivyo namna gani? Jumapili moja kisha ibada mvua ilitukamata, tukabaki watu wachache mu kanisa. Kati yetu kulikuwa mama mumoja mwenye anafundisha shimi. Juu ya kupitisha wakati nikamusimulia maneno ya mudogo wangu, nikicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia: “Pasta, lile swali, kuna wenye elimu walitengeneza mashine nzima juu ya kulijibu. Na kitu chenye walitia ndani kati ya vitu vya kwanza ni shaba.”

Basi akaanza kunifundisha, na juma lenye lilifuata akaniletea makaratasi. Ninawapatia ninyi kama vile nilielewa.

Shaba yote, iwe waya, iwe sahani ya kiwanda, iwe ule musalaba wa shaba wenye mababu walikuwa wanayeyusha kwa makala, imepangwa kwa chembe ndogo sana zenye wanaita atomi. Katika milimetre moja unaweza kupanga atomi za shaba karibu milioni 4, moja kando ya ingine. Hakuna kisu chenye kinaweza kufika kule. Kwa hiyo wale watu walichukua njia ingine: kuvunja shaba mupaka atomi moja-moja, kisha kuziacha zikusanyike zenyewe, mbili, tatu, nne, kama mama wa soko mwenye anapanga nyanya kwa mafungu.

Kazi hiyo ilifanyika katika chuo kikuu cha Rice, muji wa Houston, jimbo la Texas. Profesa Richard Smalley na wanafunzi wake walitangaza namna yao mwaka 1981. Wanachukua fimbo ndogo ya chuma ao ya shaba, wanaipiga na laser, ni kusema mwangaza wenye umekusanywa fasi moja na wenye nguvu sana. Pigo moja linadumu sehemu chache za bilioni za segonde, lakini joto pale linafika maelfu ya digri, na shaba inaruka kama mvuke. Fimbo inazungushwa pole-pole ili mwangaza usitoboe fasi moja tu, kama vile unageuza muhindi juu ya mbabula.

Saa ile ile wanafungua gazi ya heliamu, ile yenye inafanya baluni zipande juu. Gazi inasukuma ule mvuke na kuupoza. Munajua namna mvuke wa maji ya bukari unagusa kifuniko na kugeuka matone. Ni vile: atomi zenye zilikuwa zinakimbia kila moja kwake zinaanza kushikamana. Kisha zote zinapita mu tundu dogo na kuingia mu chumba chenye hewa yote imetolewa. Gazi ikitawanyika mule inapoa sana, mupaka digri chache tu juu ya mwisho wa baridi yote, wenye ni digri 273 chini ya zero. Mafungu yanabaki vile yalivyo, hayakue tena.

Namna gani kuyahesabu? Hakuna jicho linayaona. Wanayapiga na laser ya pili. Mwangaza huo unatoa elektroni moja katika fungu. Elektroni ni kale kachembe ka umeme kenye kanakaa mu atomi. Sasa fungu limebaki na umeme ndani yake, na umeme unaweza kulisukuma mu bomba refu. Fikiri vijana wenye wamesukumwa wote kwa nguvu moja, kila mumoja na mufuko wake: mwenye mufuko mwepesi anafika wa kwanza, mwenye mufuko muzito anafika nyuma. Kwa saa ya kufika unajua uzito, na kwa uzito unajua hesabu ya atomi.

Mwaka 1983 walitangaza habari ya shaba. Walipata mafungu toka atomi 1 mupaka 29. Na hapa njo fasi yenye ilinikamata. Mafungu yale hayakufanana tabia. Yenye hesabu 3, 5, 7 yalikuwa yanatoa elektroni rahisi. Yenye 4, 6, 8 yalikuwa yanaikatalia zaidi. Sababu? Kila atomi ya shaba inaleta elektroni moja yenye kulegea, na elektroni zinapenda kutembea mbili-mbili. Hesabu ikiwa 7, moja imebaki bila mwenzake, na hiyo njo inatoka mbio.

Sasa mutaona kwamba jibu langu la 2009 lilikuwa na ukweli nusu. Ukikata mupaka atomi ya mwisho, jina lake lingali shaba. Lakini kazi za shaba, kama kupitisha umeme na kungaa, hizo ni kazi za wengi pamoja. Atomi tano si waya mudogo. Zina tabia yake zenyewe, na ukiongeza moja, tabia inageuka. Hakuna mupaka mumoja fasi yenye shaba inaacha kuwa shaba. Kuna ngazi nyingi. Mudogo wangu aliuliza juu ya ngazi zile, nami nilimwonyesha ukuta.

Na si shaba tu. Mwaka 1985 kikundi kile cha Houston kilipima kobalti, mali yetu ingine. Mafungu ya hesabu fulani yalikuwa yanakamata gazi ya hidrojeni mbio. Mengine, yenye yaliachana nayo kwa atomi moja ao mbili tu, yalikuwa yanaikataa. Mwaka ule ule, mwezi wa 9, profesa Harold Kroto alitoka Uingereza kuwatembelea. Wakatoa fimbo ya chuma, wakatia grafiti, yenye ni kaboni kama makala yetu. Ndani ya mafungu, moja lilionekana kuliko yote: atomi 60, zimefungana mviringo kama mupira wa kuchezea. Juu ya ule mupira, Smalley, Kroto na mwenzao Robert Curl walipewa zawadi ya Nobel ya shimi mwaka 1996. Ni mashine yenye ilitengenezwa juu ya mafungu ya metali. Hawakuwa wanatafuta mupira.

Nilipokwisha kuelewa hayo, nilipanda kinga, nikaenda kwa mudogo wangu. Sasa yeye ni baba wa watoto watatu, mikono yake imekomaa kwa kuchimba. Tulikaa mu lupango yake, nikamwambia: “Unakumbuka swali lako la shaba?” Alinyamaza. Kisha akasema: “Unanitania, Yaya.” Nikamwomba anisamehe, nikamweleza yote, toka laser mupaka mafungu.

Alisikiliza mupaka mwisho, akauliza swali la mutu wa kariere: “Na ile mashine inatoa kilo ngapi?”

Tukacheka sana. Kilo! Kipimo chetu cha depo hakiwezi kuona hata mazao ya siku nzima. Akasema: “Basi faida yake?”

Nikamwonyesha mbabula yenye ilikuwa inawaka pale mulangoni. Wote tunajua kwamba makala ikiwaka mu chumba chenye kufungwa inatoa gazi bila harufu, monoksidi ya kaboni, na familia inaweza kulala isiamuke. Dhahabu ya pete haiwezi kufanya kitu juu ya gazi ile. Lakini Masatake Haruta wa Japani alitangaza mwaka 1987 kwamba dhahabu yenye imevunjwa kuwa chembe ndogo sana, ikiwekwa juu ya oksidi ya chuma fulani, inageuza sumu ile kuwa gazi ya kawaida yenye tunatoa tukipumua, hata mu baridi kali. Kisha, mwaka 1999, watafiti wa Lausanne katika Uswisi pamoja na wenzao wa Marekani walitangaza kazi ingine. Walipanga mafungu ya dhahabu yenye yalitengenezwa kwa laser, yenye kuhesabiwa moja-moja, juu ya oksidi ya manyezi. Fungu dogo kuliko yote lenye lilifanya kazi ile lilikuwa la atomi 8.

“Na saba?” mudogo wangu akauliza.

“Saba haikutosha.”

Akainama, akachora na kidole chini mu vumbi, tundu nane. Akazitazama. Kisha akaita binti wake mukubwa, mwenye anasoma mwaka wa tano wa primere: “Kuja usikie, baba mukubwa anaeleza.”

Nikaanza tena toka mwanzo. Mutoto hakunipatia nafasi ya kumaliza: “Baba mukubwa, na zile shaba mbili tu, nazo ziko nyekundu?”

Wasomaji, sikujua. Lakini mara hii sikumutuma kuteka maji. Niliandika swali lake kwa karatasi, nikaitia mu mufuko wa koti. Jumapili nikamupelekea mama mwalimu, naye akajibu: wekundu ule unatoka kwa atomi nyingi sana zenye kushikamana, mbili tu zinakamata mwangaza kwa namna yake zenyewe, hazina rangi ya waya. Jibu lilifika ku lupango ya mudogo wangu mangaribi ya siku ile ile. Mutoto alikuwa ananingoja ku mulango, na swali lingine.

Ndugu mzazi, kama hujui jibu, andika swali. Nawe kijana, kama mukubwa amekujibu vibaya kama mimi nilivyofanya, swali lako lingali zima. Lipeleke kwa mwingine.