Diski Moja Si Sawa na Nyingine

Watu wengi hudhani kwamba diski zote ni sawa, maana zote ni za mviringo, zote zina upana wa sentimeta 12, na zote huingia katika trei ile ile ya kompyuta. Tangu nianze kusaidia chama cha kompyuta hapa shuleni nimeulizwa jambo hili mara nyingi, basi afadhali niliandike.

Ndani ya kiendeshi cha diski mna mwali mwembamba uitwao leza, nao ndio jicho la mashine. Jicho la DVD ni jekundu, na wimbi lake lina urefu wa nanometa 650. Lile la Blu-ray ni la urujuani, nanometa 405. Wimbi likiwa fupi, alama zaweza kuwa ndogo na kusongamana; ndiyo maana tabaka moja la DVD huchukua gigabaiti 4.7, na la Blu-ray 25. Tena alama za Blu-ray zimefunikwa na ngozi ya milimita 0.1 tu, hali za DVD ziko ndani milimita 0.6. Kwa hiyo jicho jekundu haliwezi kuziona hata kidogo, na hakuna programu itakayolisaidia. Kiendeshi cha Blu-ray huwekewa macho yote, nacho husoma DVD pia.

Wafanyabiashara nao walizidisha taabu. Mwaka 2006 zilitoka diski za namna mbili zenye kushindana: Blu-ray ya Sony na wenzake, na HD DVD ya Toshiba. Mwaka 2007 LG walitoa kiendeshi kilichosoma zote mbili, lakini Februari 2008 Toshiba wakajitoa. Walionunua HD DVD nawahurumia, maana walilipa fedha halali.

Shuleni kwetu jambo hili si la vitabuni tu. Mwanafunzi mmoja wa zamani alituletea diski mbili. Ya kwanza ni Blu-ray aliyoiandika mwenyewe, ya sherehe ya shule, ambamo marehemu mwalimu wetu wa muziki anaongoza kwaya. Hatuna kumbukumbu nyingine ya sauti yake. Ya pili ni filamu ya wanyama, Ultra HD Blu-ray, ya dukani. Kiendeshi chetu kilikuwa cha DVD, nacho hakikuona hata moja. Tukaazima cha Blu-ray kutoka kwa mjomba wangu aliyeko Kampala. Kwaya ikaimba! Baadhi yetu tulitoka nje kufuta macho.

Filamu ilikataa katakata. Diski za namna hiyo, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, zina kufuli. Ili zichezwe kwa kompyuta kwa njia ya halali, kilidaiwa kiendeshi kilichoidhinishwa, programu ya kulipia, kioo chenye kukubali HDCP, na kichakata cha Intel chenye SGX. Nao Intel waliondoa SGX katika vichakata vya mezani vya kizazi cha 11, mwaka 2021. Ajabu yake, kompyuta kuukuu iliweza kufungua diski ambayo mpya haikuweza.

Kwaya tumeinakili mara mbili. Nakala moja iko maktaba, ya pili kwa Mwalimu Mkuu. Wanafunzi wa zamani wenye diski kama hizo walizoziandika wenyewe tafadhali wazilete kabla ya muhula kwisha, maana kiendeshi ni cha kuazima, na mjomba ameanza kukiulizia.